Digrii yangu ya historia na miembe sita ya bondeni

Kuna swali nimeulizwa mpaka nimelizoea kama salamu. Umesomea nini? Historia. Aaa kwa hiyo we mwalimu. Hapana, sikusomea ualimu, nimesoma historia yenyewe miaka mitatu. Hapo mtu ananyamaza kidogo, anakuangalia kwa huruma, halafu anabadilisha mada anakuuliza foleni ya Mbagala leo ikoje. Na ukijichanganya ukasema umesomea sanaa ndo umeharibu kabisa, kuna mama mmoja kwenye daladala aliniuliza naimba nyimbo gani.

Mi siku hizi sibishani. Yale maelezo ya kwenye semina eti masomo haya yanajenga fikra tunduizi, sijui yanamfanya mtu awe raia mwema, nikiyasikia na mimi napiga miayo, maana hayamwambii mtu kitu. Nina kisa kimoja tu, cha shamba la kwetu, kilitokea 2019, na kila nikiulizwa ile digrii imenisaidia nini hicho ndo kinanijia kichwani, ingawa hata sijui kama neno lake ni kunisaidia.

Kwetu ni Rufiji, ng'ambo ya kusini ya mto, kijiji naomba nisikitaje. Baba alifariki nikiwa darasa la pili nikalelewa na kaka yake, baba mkubwa, ambaye tangu hapo namwita baba tu. Mpunga wake ndo umenisomesha. Nilipotoka fomu siksi na HKL yangu, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, matokeo mazuri, alitangaza kijiji kizima, akachinja na kuku, mpaka siku alipojua kozi niliyochaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alitaka uhasibu. Aliniita uani akaniambia, "Mwanangu, historia si ndo hadithi? Hadithi hata mimi ninazo, na hakuna mtu aliyewahi kunilipa."

Sikuwa na jibu. Na kusema ukweli hata nilipofika chuo, 2009 hiyo, muda mwingi sikuwa nalo. Mwaka wa kwanza nilikosa kitanda nikawa nabebwa Mabibo hosteli, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa tunakula maandazi na maji, na kwenye vimbweta ukikaa karibu na vijana wa uhandisi wanakuuliza leo nyie watu wa stori mmepewa stori gani. Wao wanachora madaraja, sisi tunasoma mambo ya watu waliokufa zamani. Kuna usiku niliwaza kabisa kuhamia kozi nyingine ila nilikuwa nimeshachelewa.

Kilichonibakisha ni vitu viwili, na vyote vilitoka kwa lekchara mmoja mzee kidogo, mkali, anayevaa kandambili mpaka darasani. Cha kwanza ni kalamu yake nyekundu. Asainmenti yangu ya kwanza nilipeleka kurasa nane nimejaza maneno makubwa, ikarudi haina alama ya kosa hata moja, ila pembeni kumeandikwa neno moja tu, Umejuaje? Chini tena, Umejuaje? Nilizihesabu zikawa kumi na nne. Nimeandika Wangindo walikasirika, umejuaje. Nimeandika Wajerumani waliogopa, umejuaje. Nililia chooni aisee, halafu nikarudi maktaba.

Cha pili ni kipindi kimoja ambacho darasa zima tulicheka. Alitusimulia habari ya Mtaliano mmoja, Lorenzo Valla, mwaka 1440. Kulikuwa na hati maarufu inayodai kwamba mfalme Constantine wa Roma, karne ya nne huko, alimwachia Papa mamlaka juu ya nchi zote za magharibi, na kwa mamia ya miaka watu wameitumia kudai haki. Valla akakaa akaisoma neno kwa neno. Akagundua Kilatini chake si cha enzi za Constantine, ndani yake yanatajwa mpaka maliwali wa aina ambayo Roma ya wakati ule haikuwa nayo. Yaani aliyeiandika aliishi miaka mingi baadaye, siku hizi inajulikana iliandikwa karne ya nane, akajisahau akatumia maneno ya zama zake. Mzee akamaliza akasema mwongo anaweza kubadilisha tarehe lakini ni vigumu sana kubadilisha mdomo wake. Mvulana mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa hii Kariakoo itatusaidia nini?" Tukacheka mpaka na yeye akacheka.

Kuhusu Maji Maji, ile vita ya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, nilipata aibu ya aina yake. Mimi mtoto wa Rufiji nilikuja kujua Mlimani, nikiwa na miaka ishirini na kitu, kwamba Kinjeketile, yule mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro, Agosti 1905, pale pale tunapopita na basi tukienda nyumbani tunanunua machungwa. Na kwamba 1968 wanafunzi wa chuo hicho hicho walitumwa vijijini kukaa na wazee waliokuwa bado hai, wakaandika walichoambiwa. Ripoti za wakubwa wa Kijerumani zilipenda sana kusema vita ile ni ushirikina wa waganga. Wazee wakaongelea mashamba ya pamba ya lazima, maakida, wale wasimamizi wa Wajerumani, na viboko, ujira mdogo mpaka kuna watu waliukataa. Hadithi ya maji ya kuzuia risasi hawakuikana, ila haikuwa peke yake. Nikamkumbuka baba mkubwa na hadithi zake za bure, nikajisemea kumbe zina kazi.

Kwa hiyo utafiti wangu wa mwaka wa tatu niliufanya nyumbani, habari za pantoni ya Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 ukitaka kwenda kusini unalala pale kusubiri kivuko, na mvua zikikolea unaweza ukakaa siku kadhaa, sasa kuna akina mama waliishi kwa kuuza wali na samaki kwenye ile foleni, daraja likaja foleni ikafa na biashara ikafa. Nilikaa nao wiki tatu. Nilichojifunza ni kwamba ukimuuliza mtu swali la moja kwa moja anakupa jibu alilokwisha liandaa, limepigwa pasi. Muulize sufuria alinunua wapi. Muulize nani alimshikia mtoto wakati anauza. Hapo anasahau kwamba unamhoji, na mambo yenyewe yanatoka humo.

Nikamaliza 2012, nikakaa bila kazi. Hapa sitaki kudanganya mtu, ile digrii haikunifungulia mlango wowote, hata kutengeneza jedwali kwenye kompyuta sikujua na nadhani hilo ni kosa la kozi zenyewe, mtu anakaa miaka mitatu hajafundishwa kitu cha kumpa ugali mwezi wa kwanza. Niliishia kwenye steshenari ya rafiki yake shangazi, Mbagala Rangi Tatu, nachapa barua na sivii, fotokopi, kulamineti vyeti. Pale kuna wateja wa aina fulani walikuwa wanakuja jioni jioni. Dada nichapie mkataba wa kuuziana kiwanja, tarehe weka ya mwaka 2004. Nilikuwa nachapa. Elfu mbili ni elfu mbili. Mara moja moja nilikuwa nawarekebishia, namwambia kaka hili jina la kata halikuwepo mwaka huo, badilisha. Mzee wa kandambili angenichapa bakora.

Baadaye nikapata kazi kwenye kampuni ya mikopo midogo, mambo ya vikundi na marejesho, ndo nipo mpaka leo japo si ile ile. Kazi ile ningeweza kuandika kurasa ila leo siyo mada, niseme tu kwamba faili la mkopo na mtu mwenyewe ni vitu viwili, na nilikuwa nalijua hilo kabla sijaajiriwa.

Sasa 2019, mwezi wa nane, baba mkubwa akapiga simu. Sauti ya kazi kabisa. "We si umesomea historia? Njoo nyumbani utuandikie historia ya shamba."

Shamba lenyewe liko bondeni, pale mto unapokata kona, panaitwa tu Kwenye Miembe, kuna miembe sita mikubwa sana na chini yake ardhi ya mpunga ambayo toka nazaliwa tunalima sisi. Mtu kutoka Dar alikuwa anataka kununua ekari kadhaa, na bei aliyotaja kijijini hakuna aliyewahi kuisikia. Bei ilipotajwa tu, ukoo mwingine ukajitokeza, watu wa kijiji cha pili, wakasema pale ni pao. Shauri likaenda baraza la ardhi la kijiji, wale wajumbe saba, watatu wanawake kama sheria inavyotaka, na kila upande ukaambiwa ulete maelezo na ushahidi. Baba mkubwa akaona hapa sasa ile ada aliyolipa itarudi.

Nikachukua likizo siku tano nikapanda basi.

Nilifika saa kumi, nikamkuta na bahasha mkononi. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, hata maji sijanywa akanitolea karatasi. Hati ya makabidhiano ya shamba, ya tarehe 12 Machi 1971, babu anakabidhiwa eneo la Kwenye Miembe kuwa mali yake na wanawe. Karatasi imekunjwa mara nne, imebadilika rangi, inanuka moshi wa jikoni. Wamesaini mashahidi wawili, wote marehemu. Na chini, Mwenyekiti wa Kijiji, na Balozi wa CCM.

Nikaisoma tena pale chini.

Balozi wa CCM. Mwaka 1971.

Najua mnachotaka kusema, kwamba CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977 hata mtoto wa shule ya msingi anajua, hilo halihitaji chuo kikuu. Kweli kabisa. Lakini ile karatasi kabla yangu ilishasomwa na watu wazima watano, mmoja wao aliwahi kuwa diwani, na hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu walikuwa wanaangalia kama shamba limeandikwa jina letu, likaonekana, wakafurahi. Mi nilichofundishwa kwa mateso ya kalamu nyekundu ni kuisoma karatasi yenyewe kwanza kabla ya kusoma ninachokitaka mimi. Na nilipoanza kuitazama hivyo mengine yakaja yenyewe, ni A4 wakati barua zote za zamani nilizoona kwa babu ni fulskapu, na zile herufi jamani, zile herufi nimezichapa mimi miaka miwili mchana na jioni, nazijua kama sura za ndugu zangu. Hiyo imetoka kwenye printa ya steshenari. Kuna kijana mahali, labda Ikwiriri, alilipwa elfu mbili au tatu, na mi nilimwona kabisa amekaa pale ana macho yangu.

Sikusema kitu siku ile. Nikamwambia baba, naomba nizungumze na wazee kwanza, historia haiandikwi na karatasi moja. Akakubali, akafurahi hata.

Jioni baada ya kula nikakaa naye barazani. Sikumuuliza shamba ni la nani. Nilimuuliza utoto wake, walikuwa wanacheza nini bondeni. Akachangamka! Baba mkubwa akianza hadithi hana breki. Akanieleza mafuriko ya 1968, jinsi maji yalivyochukua nyumba na mbuzi, jinsi serikali ilivyowahamisha watu kutoka bondeni kuwapandisha juu kwenye vijiji vya ujamaa, na jinsi mpunga ulivyokataa kupanda nao, kwa hiyo msimu ukifika watu wanashuka tena wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kufukuza ndege na nguruwe. Akanionyesha mkono wa kushoto, kuna mahali mfupa umepinda. "Hapa nilianguka mwembe Salima, nilikuwa naiba embe."

Mwembe Salima?

"Ee, ule wa mwisho karibu na maji."

Salima ni nani, kwetu hakuna Salima. Akanyamaza kidogo. "Jina tu la mti."

Niliandika kwenye daftari, mwembe Salima, nikapiga mstari chini mara mbili.

Kesho yake nikachukua boda mpaka kijiji cha pili, nimebeba sukari kilo mbili, majani ya chai na mche wa sabuni, nikaulizia mtu mzima kuliko wote wa ule ukoo. Nikapelekwa kwa bibi mmoja, macho hayaoni vizuri, amekaa kwenye mkeka uani karibu na ua wa makuti anasuka ukili bila kuangalia vidole. Nikajitambulisha ukweli, mimi mtoto wa fulani, najua tuna shauri, nimekuja kusikiliza tu. Wajukuu wake walininunia. Yeye akasema, "Mwacheni akae, mtu aliyekuja na sukari hajaja kupigana." Nikamwomba nirekodi kwenye simu. Akauliza ile simu inakula sauti zote? Nikasema zote. "Haya weka hapo. Ila kikohozi ufute."

Tulizungumza karibu saa nzima. Na yeye sikumuuliza shamba ni la nani. Nilimuuliza alikuwa anaishi wapi alipoolewa, alijifungulia wapi, mama mkwe alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mkali kumbe, huyo mama mkwe, alikuwa anahesabu vijiko. Na alikuwa na desturi kila mjukuu akizaliwa anapanda mwembe. "Wangu mimi sita. Wa kwanza Salima, akafa na surua, mti wake ukapona."

Nilihisi baridi mgongoni, mchana wa saa saba.

Akaendelea mwenyewe. Maji ya 1968 yalipokuja waliondoka, wakapangiwa kijiji hiki cha mbali, kutoka hapa mpaka kwenye kona ya mto ni mwendo wa nusu siku kwa miguu na mume wake alikuwa mgonjwa, hawakuweza tena kulima kule. Babu yangu shamba lake mwenyewe lilikuwa limeliwa na mto, mto wetu huo unahama unavyotaka, leo huku kesho kule. Akaja kuomba alime pale chini ya miembe. "Aliomba kwa adabu," bibi akasema, "na kila mavuno alituletea pishi za mchele na kuku mmoja. Kuku alikuwa analetwa na kitoto chembamba hivi, mkono umepinda. Si ndo huyo baba yako anayetushitaki?"

Babu alipofariki kuku akaacha kuja. Wao hawakudai, kwa sababu nani aende kudai bonde la nusu siku, na watoto walikwisha kimbilia mjini. Miaka ikapita, halafu akaja mtu wa Dar na pesa.

Nilirudi kwa boda nikiwaza umejuaje, umejuaje. Nilitaka sana kumkuta yule bibi na kosa. Maana na yeye ana shamba la kugombea, na yeye ni upande. Lakini jina la Salima alilitaja baba mkubwa mwenyewe siku moja kabla, akiwa hana habari kama anatoa ushahidi, na wao wawili hawajaongea miaka mingi. Na mkono uliopinda. Na ile miti sita kwa watoto sita. Ningeweza kuandika historia nzuri sana bila hayo mambo, nina Kiswahili cha kutosha, kurasa tatu zilizonyooka ambazo wajumbe saba wangezisoma wakatikisa kichwa. Hiyo nayo ni sehemu ya elimu yangu, najua kabisa jinsi ya kupamba.

Usiku nikamwambia. Tulikuwa wawili, taa ya sola mezani. Nilianza na karatasi, nikamwambia baba hii ikifika barazani, mzee yeyote mwenye kadi ya TANU, chama cha kabla ya CCM, sandukuni ataisoma mara moja na hapo hatutaongelea tena shamba, tutaongelea polisi. Akakasirika vibaya. Akasema yeye siyo mwizi, ile karatasi ameitengeneza ndiyo, lakini amelima pale miaka hamsini na siku hizi haki isiyokuwa na karatasi siyo haki, sasa yeye karatasi angeitoa wapi? Kwa kweli hapo sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Kisha nikamwambia ya bibi, na Salima, na kuku. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira kubwa zaidi, maana nilikuwa namwambia mbele ya uso wake kwamba amesahau au anadanganya. Hakubisha. Hata neno. Akachukua ile karatasi akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaingia ndani, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Serikali imekukopesha hela ukasome, umekuja kutuumbua sisi."

Mkopo wenyewe bado wananikata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Niliwaza hilo pale pale barazani, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Karatasi haikwenda barazani. Zilikwenda koo zote mbili zikakaa kwenye jamvi kwa mwenyekiti wa kijiji, mimi nilisharudi Dar kazini, nilisimuliwa tu. Miembe na kipande cha karibu na mto ni chao. Sisi tunalima sehemu ya mpunga kama zamani, na kila mavuno kuna kitu kinapelekwa, safari hii kimeandikwa kwenye karatasi ya kweli yenye tarehe ya kweli. Yule mnunuzi aliposikia koo mbili na masharti akaenda zake kutafuta kwingine. Hiyo hela ambayo hakuna aliyewahi kuisikia haikuonekana tena, na kuna binamu zangu wanne ambao wanaamini mimi ndo niliyeifukuza, kwenye harusi wananipa kiti cha mbali. Baba mkubwa tuliendelea kusalimiana kwa simu, shikamoo marahaba, hali ya hewa, mpunga, basi.

Bibi alifariki 2021. Halafu ikaja 2024, yale mafuriko ya mwezi wa nne mnayoyakumbuka, Rufiji na Kibiti maji kila mahali, bonde lote likawa ziwa na miembe ikabaki vichwa tu. Baada ya maji kushuka akanitafuta mjukuu wa yule bibi, mmoja wa wale walioninunia, nyumba yao ilikuwa imekwenda na kila kitu ndani, hata picha moja ya bibi haikubaki. Akaniuliza dada, ile sauti uliyorekodi bado unayo?

Ninayo. Hiyo ni tabia nyingine ya chuo, sifuti kitu. Nilikuwa nimeihamishia kwenye kompyuta kwenye foda ya mambo ya nyumbani, na tangu siku ile sijawahi kuisikiliza yote. Nikavaa spika za masikioni kabla ya kumtumia nikaisikiliza toka mwanzo. Kuku wanalia, ukili unakwaruza, bibi anacheka habari ya vijiko vya mama mkwe. Kwenye dakika ya thelathini na moja anafika kwenye kitoto chembamba chenye mkono uliopinda, na hapo hapo, nyuma ya ua wa makuti, kuna mtu anakohoa.

Siyo bibi. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Kile kikohozi kikavu cha mtu wa sigara kali, mara mbili halafu kimya, kimeniamsha alfajiri miaka yote ya utoto wangu.

Nilikaa nacho siku mbili. Siku ya tatu nikapiga simu. Shikamoo baba. Marahaba. Hali ya hewa, mpunga, maji yameacha mchanga mwingi mwaka huu. Nikamwambia baba, ile rekodi ya bibi nimeisikiliza, kuna mtu anakohoa nyuma ya ua.

Kimya. Nikasikia kiberiti.

"Si alikwambia kikohozi ufute?"